NI NANI AMFUNDISHAYE MTOTO WA DARASA LA NNE?



Jumapili moja baada ya ibada, watu walipokuwa wakitawanyika na wengine wakingoja wenzao kivulini, alitujia mama mmoja mzee, mshiriki wa usharika wetu hapa Ihanja. Mkononi alikuwa na daftari la shule, amelifunga katika kitambaa safi kama mtu afungavyo sadaka. Akasema, "Baba mchungaji, mimi sikusoma. Mjukuu wangu yumo darasa la nne. Nataka kujua, hizi alama nyekundu ni za sifa au ni za aibu?"

Tukalifungua. Alama zilikuwa za vema, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko wa mtoto ulikuwa mzuri kuliko wetu. Tukamwambia, "Mama, ni za sifa." Akafurahi. Nasi kwa kutaka kumwongezea furaha tukamwita mtoto mwenyewe, atusomee mistari aliyoiandika kwa mkono wake. Mtoto akalitazama daftari kitambo, akatutazama sisi, kisha akainama. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Yote yale alikuwa ameyanakili kutoka ubaoni, herufi kwa herufi, kama mtu achoraye mapambo ubavuni mwa mtungi bila kuuliza yana maana gani.

Yule mama hakumkaripia. Aliuliza neno moja tu: "Basi, huyu anafundishwa na nani?"

Swali hilo tulilijibu vibaya siku ile, maana tulisema upesi, "Anafundishwa na walimu wake, mama." Tangu hapo limetukaa moyoni, nasi twaliweka mbele yenu, hasa ninyi wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili, ili mlifikiri pamoja nasi.

Kwa kuwa si haki kumlaumu mtu kabla ya kumsikia, tulikwenda kuuliza. Mwalimu wa darasa la nne, mtu mwenye bidii, alituonyesha chumba kilichojaa watoto hata wengine hawakupata nafasi katika madawati. Akasema, "Alikuja kwangu hivyo kutoka darasa la tatu." Wa darasa la tatu naye alisema alimpokea hivyo kutoka la pili. Mama wa mtoto alisema, "Nimempeleka shule. Si ndiko kufundishwa?" Baba yake yuko mbali akitafuta kazi, naye hutuma fedha za daftari na sare, akidhani ametimiza lake, tena hatuwezi kusema kwamba hakufanya neno. Hatimaye tukarudi kwetu kanisani. Huyu mtoto huja shule ya Jumapili bila kukosa. Azijua Amri Kumi pamoja na maelezo yake yote kwa moyo. Siku ya Krismasi tulimsimamisha mbele ya usharika, akazisema bila kukwama, watu wakapiga makofi, nasi tukamsifu. Lakini kitabu mkononi hatukumpa hata siku moja.

Basi kila mtu alikuwa amefanya sehemu yake, na mtoto alikuwa katikati kama mbuzi aliyebaki njiani jioni, kila mchungaji akidhani ni wa kundi la mwenziwe.

Wazee wetu walipotaja darasa la nne, walitaja kitu kikubwa. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Iramba kabla ya vita ya 1914, na baada ya vita hiyo wakaja wale wa Augustana kutoka Marekani. Na popote walipojenga kanisa, shule ilikuwa karibu nalo, mara nyingi chini ya paa lile lile. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza ilianza kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Mtoto wa kijijini aliyefika darasa la nne alikuwa amejifunza kusoma, kuandika, hesabu, dini, usafi wa mwili, na kazi ya shamba la shule. Kwa walio wengi huo ndio ulikuwa mwisho wa masomo. Aliyevuka hapo alihesabiwa katika wachache, na wengine wao walikwenda Kinampanda kujifunza ualimu, katika chuo ambacho leo ni cha Serikali.

Na yule aliyewafundisha aliitwa kwa jina moja tu, mwalimu. Ndiye aliyeshika chaki siku za kazi, ndiye aliyesoma ibada Jumapili, ndiye aliyekwenda kukaa na wafiwa. Alijua ni mtoto gani ameshinda bila kula, maana alipita nyumbani kwao. Ukimwuliza mtu wa zamani, "Ni nani aliyekufundisha?" hutaja jina la mtu mmoja mara hiyo, bila kufikiri.

Hata hivyo tusizisifu siku zile kupita kiasi, kama wapendavyo wengine. Wasichana walikuwa wachache. Fimbo ilisema zaidi ya kinywa. Mara nyingi aliyemaliza la nne ndiye aliyefundisha la kwanza na la pili, naye alijua kidogo kuliko alivyotakiwa kutoa. Tena palikuwa na chujio. Mtihani wa darasa la nne uliwatoa watoto wengi wenye akili njema, kwa sababu viti vya darasa la tano vilikuwa vichache. Jambo hili lilidumu hata baada ya Uhuru. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisema kwamba shule ya msingi isiwe ngazi tu ya kuwapandisha wachache kwenda sekondari, bali iwe elimu iliyo kamili kwa wale wasioendelea. Sheria ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali. Mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, chama cha TANU kiliazimu kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi shuleni. Katika miaka hiyo chujio la darasa la nne liliondolewa. Karo ya shule za msingi ikafutwa mwanzoni mwa karne hii, na tangu 2016 elimu haina ada hata kidato cha nne.

Hayo ni mema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mlango uliokuwa mwembamba umefunguliwa. Lakini hatari haikuondoka, imehama tu. Zamani mtoto aliachwa nje ya mlango, na kila mtu alimwona amesimama pale. Siku hizi aweza kuachwa ndani, ameketi na wenzake, amevaa sare, ana daftari lenye vema nyingi, wala hapana amwonaye. Watu wa Uwezo, walioanza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, waliona kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwisho wa darasa la nne Baraza la Mitihani huwapima watoto wa nchi nzima. Upimaji huo una faida yake, lakini kumjua mtoto asiyesoma mwishoni mwa mwaka wa nne ni kumjua akiwa amekwisha kuchelewa.

Turudi kwa swali la yule mama. Katika hesabu ya Katekisimu yetu, amri ya nne ndiyo ile ya kuwaheshimu baba na mama. Dkt. Martin Luther alipoieleza katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba mamlaka nyingine zote za hapa duniani zatoka katika mamlaka ya wazazi: baba asiyeweza peke yake kumlea mtoto wake humtwaa mwalimu amsaidie. Tufikiri maana yake. Mwalimu, kwa mafundisho haya, hufanya kazi ya mzazi kwa niaba yake. Mtu akimwomba jirani amlimie shamba la mtama, shamba halikuwa la jirani. Mwenyewe atakwenda kuona kama mbegu zimeota, na ndege wakishuka ni yeye atakayekwenda kuamia. Hatakaa nyumbani akisema, "Nimelimiwa." Basi mbona twasema, "Nimempeleka shule," kana kwamba neno limekwisha?

Na Maandiko yatuonyesha jambo hili kwa mfano ulio mzuri sana. Hana alimtoa mwanawe Samweli, akampeleka Shilo, akae kwa Eli mbele za Bwana. Hapana mzazi aliyemtoa mtoto wake kwa ukamilifu kuliko yeye. Lakini imeandikwa kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Tumesoma habari hii mara nyingi bila kuona lililomo. Kanzu hutaka kipimo. Mtoto wa mwaka huu si wa mwaka jana. Mabega yamepanuka, mikono imerefuka. Yule mama hakuweza kushona asipojua mwanawe amekua kiasi gani. Naye Eli, mwalimu mwema wa mtoto wa mtu mwingine, aliwapoteza watoto wake wawili waliokuwa nyumbani mwake. (Hapo sisi wachungaji na ninyi walimu na tusome polepole.)

Mtu atasema, "Mambo ya darasa la nne ya leo si ya mzazi wa kijijini." Ni kweli kwa sehemu. Katika mtaala ulioanza kuingia shuleni mwaka 2024, watoto hawa hufundishwa Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo. Mama ambaye hakusoma, atokaye shambani jioni na kwenda kutafuta maji, atafundishaje Kiingereza? Hatumdai hilo. Twauliza tu kama ajua kipimo cha kanzu.

Lakini hapa yatupasa kusimama, maana pana neno gumu zaidi, na tukiliruka tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Kama mamlaka ya mwalimu yatoka kwa wazazi, je, mwalimu afundishe tu yale wapendayo wazazi? Sisi watu wa Singida twajua kwa nini swali hili si la vitabuni. Kwa miaka mingi katika nchi yetu watoto wa kike wamekeketwa, na neno lililotumika mara nyingi kuwa sababu ni lawalawa. Mtoto akiugua sehemu za siri, watu walisema ni ghadhabu ya wazee waliokufa, na dawa yake ni kisu. Waganga wa hospitali wametueleza tangu zamani kwamba huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, uponywao kwa dawa na kwa usafi. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Na sheria ilipokaza, wengine hawakuacha. Waliwafanyia watoto wachanga kwa siri, wasioweza kusema wala kushitaki. Waliofanya hivyo walikuwa wazazi na mabibi, tena wengine wao twakula nao Meza ya Bwana.

Basi mtoto wa darasa la nne asikia kwa mwalimu wake wa Sayansi kwamba ugonjwa huletwa na uchafu na vijidudu. Arudi nyumbani, asikie kwa bibi yake kwamba huletwa na mizimu. Jumapili asikia kwetu kwamba awaheshimu baba na mama. Amheshimu nani?

Jibu letu ni hili. Mamlaka ya mzazi nayo si mali yake. Amekopeshwa na Mungu, kama mwalimu alivyokopeshwa na mzazi. Aliyekopeshwa kisu cha kukatia mkate hana ruhusa ya kumkatia mwana wa mwenye kisu. Mwalimu asemapo kweli juu ya ugonjwa hakumwibia mzazi heshima yake. Amemrudisha kwa yule aliyewakopesha wote wawili. Twamsimamia mwalimu huyo, naye akisemwa vibaya kijijini kwa ajili hiyo, sisi tusinyamaze. Tumenyamaza mara nyingi.

Lakini jambo lililo baya kuliko yote ni kumwachia mtoto kesi hiyo aiamue. Yeye ni wa miaka tisa au kumi. Wazee wa kanisa, mwalimu, wazazi na mchungaji twaweza kuketi pamoja tukasemezana hata neno lieleweke. Hatufanyi hivyo kwa sababu twaogopana. Kisha mzigo tuliouepa barazani twamtwika mtoto, auchukue peke yake kutoka shuleni hata nyumbani, na kutoka nyumbani hata kanisani, akijifunza kusema kila mahali lile lipendezalo mahali pale. Na mtoto aliyejifunza hilo amejifunza unafiki, hata kama hapana somo la jina hilo katika ratiba.

Tumesikia wazazi wakifurahi kwamba sasa maadili yamewekwa katika masomo, yana kitabu chake na alama zake. Sisi pia twafurahi, ila kwa hadhari. Mtoto aweza kuandika kwa mwandiko mzuri kwamba kuiba ni vibaya, akapata vema, na daftari lile likawa kama daftari la mjukuu wa yule mama: herufi zote zipo, wala asomaye hayupo. Ukweli wa mtoto hauonekani katika karatasi. Huonekana siku alipotumwa dukani na chenji ikazidi. Siku hiyo mwalimu wa darasa hayupo; yupo mama aliyemtuma. Akisema, "Bahati yetu, usimwambie mtu," basi somo la maadili limefundishwa, na mtoto hatalisahau upesi.

Wala tusiwacheke walimu wa shule katika jambo hili. Makosa hayo hayo ni yetu. Yule mtoto alizijua amri kwa moyo nasi tukampigia makofi. Luther aliandika Katekisimu Ndogo baada ya kuzunguka makanisa ya Saksonia mwaka 1528 na kuona watu walivyokuwa hawajui neno. Akaiandika ili baba mwenye nyumba awafundishe watu wake kwa maneno mepesi, na kila fungu likauliza maana yake ni nini. Sisi tumelifanya hata swali hilo kuwa la kukariri. Mtoto huuliza maana na kujibu maana kwa pumzi moja, kama asemaye jina la kijiji chake.

Tena shule hutoa kipindi cha dini, na kila dini hupeleka mwalimu wake. Kwa haki tuseme lililo kweli: watoto wetu wameketi mara nyingi wakingoja, na mwalimu wa kutoka kwetu hakufika. Mvua ilinyesha, au palikuwa na mazishi, au kikao. Nasi wenyewe tumo katika hesabu hiyo. Mwalimu mkuu hakutulaumu hata siku moja, na pengine ingalikuwa afadhali angalitulaumu.

Tangu siku ile tumebadili kidogo. Katika kipindi chetu hatuwaimbishi watoto majibu tena kwa umoja, maana katika umoja wa sauti asiyejua hujificha vizuri sana. Kila mmoja husoma mstari kitabuni kwa zamu, na asiyeweza huketi karibu na aliyeweza, bila kuchekwa. Kazi hii ni ya polepole, nasi hatumalizi sura. Mwalimu wa darasa la nne alipoona, aliomba majina ya wale waliokwama, nasi tukampa. Akatupa naye ya kwake, na majina yale yalikuwa karibu yote mamoja.

Na yule mama mzee? Alituomba kitabu cha kusomea, tukampa Agano Jipya la zamani lenye jalada lililochakaa. Tulidhani atampa mtu mwingine amfundishe mjukuu. Siyo. Kila jioni humketisha mtoto karibu na moto na kumwambia asome. Tukamwuliza, "Mama, nawe hujui kusoma, utajuaje kama asoma kweli au abuni maneno yake?" Akacheka. Akasema, "Baba, leo nampa ukurasa, nami naweka unyoya wa kuku pale. Nasikiliza. Kesho namfungulia pale pale penye unyoya, asome tena. Maneno yakiwa yale yale, amesoma. Yakiwa mengine, amenidanganya, na tunaanza upya."

Wiki za kwanza, asema, kila jioni maneno yalikuwa mengine. Juzi alikuja kutuambia kwamba mistari mitatu imekuwa ile ile siku mbili mfululizo.